Kujifunga na Kuvaa: Kilti cha Kisasa, Wanaume na Hukumu ya Jina



Natoa shukrani kwa waandaaji wa mhadhara huu kwa heshima waliyonipa ya kusimama mbele yenu. Najua kwamba mada niliyoichagua imewashangaza baadhi yenu. Mhadhara wa Kiswahili hutarajiwa kuzungumzia ushairi, sintaksia au lahaja, nami nimekuja na vazi la Waskoti. Sababu yangu ni ya kilugha, na naomba niieleze mapema.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wa somo la tafsiri aya fupi inayosimulia harusi iliyofanyika Edinburgh, ambamo bwana harusi na wapambe wake wamevaa vazi la kiunoni la kwao. Tafsiri zinazorudi mezani kwangu karibu zote husema kwamba wamevaa sketi. Wenye tahadhari huongeza kidogo: sketi ya kiume, sketi ya Kiskoti. Mwanafunzi mmoja, kwa bidii ya kutaka kuwa sahihi, aliandika sketi ya marinda. Sasa msomaji wa Kiswahili akifika hapo anaona nini? Anaona sare ya msichana wa shule. Sentensi haina kosa la kisarufi, lakini bwana harusi amevuliwa nguo mbele ya wageni wake.

Dai langu ni kwamba mvutano uliopo duniani kuhusu aina mpya za vazi hili, na namna wanaume wanavyozipokea, kwa sehemu kubwa ni mvutano wa jina. Dai la pili, ambalo ndilo hasa linatuhusu sisi, ni kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuueleza mvutano huo vizuri kuliko lugha nyingi zinazouzungumzia. Katika mhadhara huu nitaliita vazi hilo kilti, na nitaliweka katika ngeli ya KI-VI. Sababu za uamuzi huo nitazitoa nitakapofika kwenye suala la kamusi.

Kupania

Waingereza walilipata neno hili kutoka lugha za Skandinavia, na mwanzoni halikuwa nomino. Lilikuwa kitenzi: kukusanya nguo na kuikaza kiunoni ili mtu apate kutembea au kufanya kazi. Nomino yenye maana ya vazi ilizoeleka baadaye, katika karne ya 18. Msemaji wa Kiswahili hahitaji ufafanuzi mrefu hapa, kwa sababu tunacho kitenzi kilekile. Mtu aliyepania, kabla neno hilo halijawa la magazeti ya michezo, ni mtu aliyeikusanya nguo yake na kuikaza kiunoni tayari kwa kazi au kwa ugomvi. Leo timu hupania kushinda na serikali hupania kupunguza umaskini, na hakuna anayekumbuka nguo. Lakini nguo imo ndani ya neno, kama ilivyomo katika kufunga kibwebwe na kujifunga masombo.

Tuyaangalie maneno haya kwa makini, maana yanatuonyesha jambo ambalo watafiti wa mavazi hawajalitilia maanani. Mavazi ya kuzungushwa mwilini katika Kiswahili yameainishwa kwa kitendo. Mtu hujifunga msuli au kikoi. Mwanamke hujifunga kanga moja na kujitanda ya pili. Mvuvi hupiga uwinda, wengine husema ubinda, yaani huupitisha upindo wa nguo katikati ya miguu na kuuchomeka kiunoni. Mmasai hujifunga lubega. Suruali, shati na koti, ambazo zimekwisha kushonwa na kupewa umbo kabla ya kufika mwilini, huvaliwa tu. Ni kweli kwamba siku hizi tunasikia pia kuvaa msuli, wala sisemi kuwa ni kosa. Hata hivyo hakuna anayejifunga suruali. Mpaka baina ya vitenzi hivi viwili, kujifunga na kuvaa, ni mpaka baina ya nguo ambayo umbo lake hutoka kwa mvaaji na nguo ambayo umbo lake hutoka kwa fundi.

Jinsia ya mvaaji imo pia, lakini haimo mahali tunapodhani. Haimo katika kuwapo au kutokuwapo kwa miguu miwili ya nguo. Kanzu ni vazi refu lisilogawanyika, linaloshuka hadi kwenye vifundo vya miguu, na sijapata kumsikia mtu akiliita gauni. Baganda huvaa koti juu ya kanzu katika sherehe zao, nao ni wanaume kamili machoni pa kila mtu. Tofauti ya msuli na kanga huonekana katika kitambaa, katika pambo, katika fundo na mahali fundo linapokaa. Mwanamume wa pwani anayetoka msikitini jioni akiwa amejifunga kikoi hana habari kwamba amevaa kitu ambacho katika jiji fulani la Ulaya kingehitaji ujasiri.

Kutoka shuka hadi vazi la fundi

Kwa vitenzi hivyo viwili historia ya kilti inaweza kusimuliwa upya. Vazi la kwanza linalojulikana kwa hakika, ambalo maelezo yake yanaanza kuonekana mwishoni mwa karne ya 16, lilikuwa shuka kubwa la sufu. Wagaeli waliliita féileadh mòr. Kipande cha mita 4 au 5 kilikunjwa mikunjo, kikazungushwa kiunoni na kukazwa kwa mkanda. Sehemu ya chini ilifika magotini, na ya juu ilitupwa begani au kufunikwa kichwani wakati wa mvua. Usiku mtu alifungua mkanda akalala ndani ya nguo yake. Wafugaji wa nyanda zetu wanaijua nguo ya namna hiyo, inayokuwa vazi mchana na blanketi usiku. Kwa Kiswahili hatuna namna nyingine ya kusema isipokuwa kwamba Mskoti huyo alijifunga shuka.

Mapema katika karne ya 18 nusu ya chini ikatengwa na nusu ya juu. Nani aliyeitenga? Barua iliyochapishwa mwaka 1785 ilimtaja Thomas Rawlinson, Mwingereza aliyekuwa na tanuri la chuma huko Glengarry katika miaka ya 1720, kwamba ndiye aliyeona shuka kubwa linawazuia vibarua wake kufanya kazi. Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper aliishikilia habari hiyo katika kitabu mashuhuri cha mwaka 1983 kuhusu mapokeo yaliyobuniwa, na Waskoti wengi hawajamsamehe hadi leo. Mhariri mwenza wa kitabu hicho, pamoja na Eric Hobsbawm, alikuwa Terence Ranger, ambaye alifundisha historia Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963 hadi 1969. Nitarudi kwake.

Mimi naona ugomvi wa nani alikuwa wa kwanza umechukua nafasi kubwa kuliko unavyostahili. Lililotokea katika kukatwa kwa nguo lina uzito zaidi. Mwishoni mwa karne ya 18 mikunjo ilianza kushonwa ikabaki hapo daima. Umbo likatoka mikononi mwa mvaaji likaenda kwa fundi. Kilti kilivuka kutoka kwenye kujifunga kikaingia kwenye kuvaa, na ni hapo tu kilipopata ujirani na sketi. Shuka halifanani na sketi. Nguo iliyoshonwa mikunjo, yenye kiuno kilichopimwa na upindo ulionyooka, inafanana nayo, na tangu hapo mwanamume aliyeivaa amehitaji maelezo.

Katikati ya mabadiliko hayo palipita sheria. Baada ya uasi wa mwaka 1745 na kushindwa kwa waasi huko Culloden mwezi Aprili 1746, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu kwa wanaume na watoto wa kiume. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6. Mara ya pili alipelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Marufuku hayo yalidumu hadi mwaka 1782. Askari wa vikosi vya Waskoti katika jeshi la mfalme hawakuguswa na sheria hiyo, nao waliendelea kuvaa kilti kama sare. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 30 vazi lile lile lilikuwa jinai kwa mchungaji wa ng'ombe na wajibu kwa askari. Liliporudi uraiani lilirudi likiwa na harufu ya kambi. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh, katika shughuli iliyopangwa na mwandishi Walter Scott, alivaa kilti yeye mwenyewe, na chini yake soksi ndefu za rangi ya waridi za kufunika miguu. Mabwana wa mijini waliokuwa wakiwadharau wakulima wa milimani wakakimbilia kwa mafundi wao.

Hatuna haja ya kuishangaa sheria ya mwaka 1746 kana kwamba ni ya watu wa ajabu. Katika miaka ya 1967 na 1968 Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na kuvaa nguo ambazo viongozi waliziona za heshima, na mwanamume bila suruali alionekana kuwa aibu kwa taifa changa. Nia za serikali hizo mbili zilitofautiana: moja ilikuwa ikivunja nguvu za waasi, nyingine ikihimiza maendeleo kama ilivyoyaelewa. Hata hivyo, msamiati wa kampeni yetu unastahili kuchunguzwa na wanafunzi wa isimujamii walio hapa. Neno lililobeba mzigo wote lilikuwa uchi. Mtu aliyejifunga kitambaa cha kutosha kuwafunika wawili aliitwa mtu aliye uchi, kwa sababu kipimo cha kuvaa kilikuwa kimekwisha kuwa suruali.

Ngozi, denimu na mifuko

Tuje sasa kwenye kilti cha siku hizi. Kile kinachohesabiwa kuwa rasmi huchukua kiasi cha yadi 8 za sufu nzito, zaidi ya mita 7, zenye mistari ya rangi inayokatizana, yaani tatani. Mikunjo iko nyuma. Mbele ni bapa, pande mbili zikilaliana na kufungwa kwa vifungo vya mkanda. Mkoba wa ngozi huning'inia mbele kwa kuwa vazi halina mfuko. Kwa muda mrefu hilo lilikuwa vazi la askari, la wenye mashamba makubwa, la wapiga zumari, na la wachekeshaji wa majukwaani. Mwanamume wa kawaida wa Glasgow angeweza kuishi na kufa bila kulivaa. Mashabiki wa timu ya taifa ya mpira walisaidia kubadili hali hiyo. Walivaa kilti pamoja na fulana ya timu na buti, bila kujali kanuni za mabwana wa zamani. Filamu ya Braveheart ya mwaka 1995 iliongeza joto, ingawa iliwavika watu wa karne ya 13 nguo ambazo hawakuzijua. Maduka ya kukodisha yakastawi, na leo harusi ya Uskoti ambayo bwana harusi amevaa suruali ndiyo inayoweza kuulizwa sababu.

Mwaka 1996 Howie Nicholsby, kijana wa familia ya mafundi wa vilti wa Edinburgh, alianza kushona vilti vya ngozi, vya denimu na vya kitambaa cha madoadoa ya kijeshi. Hoja yake ilikuwa rahisi: vazi linalovaliwa harusini tu ni vazi linaloelekea kufa. Akaondoa mkoba, akaweka mifuko, na yeye mwenyewe akawa anavaa kilti mitaani kwa shughuli za kila siku. Mwaka 2000, katika jiji la Seattle nchini Marekani, ikaanzishwa kampuni ya Utilikilts, iliyoshona vilti vya pamba nzito isiyo na tatani, vyenye mifuko mikubwa ya kubebea vifaa vya kazi. Katika sherehe za tuzo za muziki za MTV zilizofanyika Edinburgh mwaka 2003, mwigizaji Vin Diesel, ambaye hakuna anayeweza kumwita legelege, alitokea akiwa na kilti cha ngozi.

Wanaume waliyapokeaje haya? Hapa pana jambo linalonivutia kuliko mengine yote. Wapinzani hawakupinga kitu kimoja. Mskoti wa mila aliyekiona kilti cha denimu hakusema kwamba ni sketi. Kwake, magoti wazi ni jambo la kawaida. Alilalamika kwamba hakina tatani, kwa hiyo hakimtaji baba wala babu. Mwanamume wa Marekani, ambaye tatani haimhusu, aliona ile ile nguo akauliza kwa nini mwanamume mwenzake amevaa sketi. Edinburgh kilti cha kisasa kilishtakiwa kwa kukosa ukoo. Seattle kilishtakiwa kwa kukosa miguu ya suruali. Fundi aliyetaka kukiuza pande zote mbili alikuwa na kesi mbili.

Na utetezi wake uliwekwa ndani ya nguo yenyewe. Ngozi, rangi za kijeshi, vifungo vya chuma, mfuko wa nyundo, buti nzito: vitu hivi havihitajiki ili kufunika mapaja. Vinafanya kazi ya wakili. Kila kimoja kinasema kwa niaba ya mvaaji kwamba yeye ni askari, au fundi, au mpanda pikipiki. Mkoba, kisu cha kwenye soksi na sare ya kikosi vilifanya kazi hiyohiyo kwa babu yake. Linganisha na sketi za wanaume alizozionyesha Jean Paul Gaultier wa Ufaransa katikati ya miaka ya 1980. Wapenzi wa mitindo walizishangilia, magazeti yakazipiga picha, na mitaani hazikuonekana kwa wingi. Zilishonwa vizuri, lakini zilikuja bila wakili. (Suala la kinachovaliwa ndani ya kilti nitaliacha kando, Waskoti hawachoki kuulizwa, mimi nimechoka kusoma majibu.)

Ushahidi wangu wenye nguvu zaidi ni wa majina. Mwaka 2002 Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert la London lilifanya maonyesho ya mavazi ya kiume yasiyo na miguu, likayaita, kwa Kiswahili chetu, Wanaume Ndani ya Sketi. Mwaka uliofuata maonyesho hayo yalifika Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York, chini ya msimamizi yuleyule, Andrew Bolton. Huko jina liliongezewa neno moja mbele, ambalo tungeweza kulifasiri kuwa Mashujaa. Kwa jicho la mwanaisimu nyongeza hiyo inasema mengi. Ukishakubali neno sketi, unahitaji neno shujaa la kulisawazisha.

Mfano mwingine. Mwaka 2008 tarishi mmoja wa jimbo la Washington aliomba katika mkutano mkuu wa chama chake cha wafanyakazi, uliofanyika Boston, kwamba wanaume wanaogawa barua waruhusiwe kuvaa vazi la namna ya kilti, kwa kuwa suruali iliwachubua na kuwatesa katika mwendo wa siku nzima. Hakuliita sketi, na kwa kawaida alikwepa pia kuliita kilti, maana hakuwa akidai Uskoti. Alitumia maneno yenye maana ya vazi la kiume lisilogawanyika. Mkutano ulikataa. Nadhani msimamo wake ulikuwa wa busara na istilahi yake ilikuwa janga: hakuna mwanamume anayetaka kutoka nyumbani asubuhi akiwa amevaa fasili. Nchini Sweden, mwaka 2013, madereva wa treni waliokatazwa kaptula wakati wa joto walivaa sketi za sare ya wanawake, wakazivaa kama mzaha wenye shabaha, na katika siku chache kaptula zikaruhusiwa. Hao hawakutafuta jina jipya. Walilitumia jina la zamani kwa sababu linachoma.

Skochi

Nimesema nitarudi kwa Ranger. Mwaka 1975 alichapa kitabu kuhusu ngoma ya beni, ngoma ya vyama vya mashindano iliyozaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi bara. Mombasa palikuwa na vyama vilivyoshindana kwa miaka mingi, na miongoni mwa majina yake yalikuwa Kingi na Skochi. Majina hayo yanajieleza. Kingi walikuwa wa mfalme. Skochi waliwaiga askari wa Uskoti, na katika kuiga huko vazi la kiunoni la askari hao lilikuwamo.

Tumfikirie mwanachama wa Skochi. Ni mwanamume wa Mombasa, aliyelelewa katika nyumba ambamo baba na kaka hujifunga msuli. Ameona kikosi kikipita, zumari zikilia, na askari wenye magoti wazi wakitembea kwa majivuno. Nini kilichomzuia kuona wanaume waliovaa nguo za wanawake? Kwa maoni yangu, macho yake hayakuwa na kosa hilo la kuona. Hakuwa na suruali kama kipimo. Aliona nguo ya kiunoni, aina ambayo yeye pia anayo, iliyofanywa ya kifahari na kutiwa cheo. Hakuvaa sketi, alivaa Uskoti. Ndiyo maana, nadhani, chama kilichukua jina la taifa, wala si jina la nguo.

Sisemi kwamba beni haikuwa na kejeli. Kumwiga mtawala ni kumsifu na kumcheka kwa pamoja, na mabingwa wa mafumbo wa pwani walilijua hilo kuliko sisi. Ninachosema ni kwamba miongo mingi kabla ya kilti cha mifuko cha Seattle, wanaume wa Kiswahili walikuwa wamekipokea kilti, wakakirekebisha kwa matumizi yao na kukichezea ngoma hadharani. Katika historia ya upokeaji wa kilti nje ya Uskoti, Mombasa inastahili ukurasa, na ukurasa huo hautaandikwa na mtu asiyesoma Kiswahili.

Jambo la kusikitisha ni kwamba msuli wenyewe umerudi nyuma tangu wakati huo. Mwanamume wa pwani huujifunga nyumbani, barazani, msikitini. Ofisini huvaa suruali, na hakuna kanuni iliyoandikwa inayomlazimisha. Kikoi nacho kimepata soko jipya. Mafundi hukishona mashati, suruali na mikoba, na watalii, wengi wao wanawake, hukitumia ufukweni. Kitambaa cha wanaume kimevuka mpaka wa jinsia bila makelele, huku kilti kikihitaji makumbusho mawili. Hili linathibitisha nililolisema kuhusu kujifunga: nguo isiyo na umbo la fundi humkubali kila anayeifunga.

Neno la kamusi

Basi kilti tukiiteje? Sketi nimekwisha kuikataa. Neno hilo tulilikopa likiwa tayari na jinsia yake, na kuongeza kivumishi cha kiume mbele yake ni kukiri kwamba kuna jambo la kuombea radhi. Saruni ina asili ya Kimalei, nayo inafikirisha nguo nyepesi iliyoungwa ncha. Wapo wenzangu wanaopendekeza msuli wa Kiskoti, na moyo wangu uko pamoja nao, kwa sababu msomaji wetu angemwona bwana harusi akiwa mwanamume bila shaka yoyote. Hata hivyo, msuli hujifungwa. Kilti cha leo kina mikunjo ya kushonwa, vifungo na kipimo cha kiuno. Kukiita msuli ni kuifuta hatua ile ya karne ya 18 ambayo ndiyo iliyozaa mjadala wote.

Nabaki na kukopa. Utohozi wa kawaida unatupa kilti, na silabi ya kwanza inatufungulia mlango wa ngeli ya KI-VI, kama ilivyokuwa kwa kitabu kilichotoka Kiarabu na kwa kiplefti cha barabarani. Vitabu, viplefti, vilti. Wanasarufi wakali watasema kwamba ki- hiyo ni sehemu ya shina. Ndivyo ilivyokuwa katika kitabu, na wasemaji hawakuwauliza. Zaidi ya hayo, katika ngeli hiyo kilti kitakaa jirani na kikoi, na sioni jirani bora.

Napendekeza fasili hii kwa wanaleksikografia walio hapa. Kilti, nomino, ki-/vi-: vazi hasa la wanaume lenye asili ya Uskoti, la sufu, ngozi au kitambaa kingine, linalozungushwa kiunoni na kufika magotini, lenye mikunjo nyuma na upande bapa mbele. Nimetaja ngozi na kitambaa kingine ili kazi ya Nicholsby na ya mafundi wa Seattle isiachwe nje ya mlango. Sikutaja tatani, na najua kwamba kwa hilo nitapata barua kutoka kwa Mskoti yeyote anayesoma Kiswahili. Neno lililonisumbua kuliko yote ni hasa. Wasichana wanaoshindana katika ngoma za Nyanda za Juu nao huvaa vazi la mikunjo ya namna hiyo, na wapo wanaoliita kwa jina hilohilo. Nikiliondoa neno hasa, nakuwa nimewafuta wao. Nikiondoa pia maneno la wanaume, mfasiri wa kesho atarudi kwenye sketi ya marinda. Nimeliacha neno hilo lilipo kwa sasa, nami ningependa tuanze nalo wakati wa maswali.